Akiba niliyoificha tulipouza kihamba

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa mshauri,

Ninaandika barua hii nikiwa kwenye kibanda changu cha mitumba katika soko la Memorial hapa Moshi, kwa sababu nyumbani siwezi kuiandika. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, na mume wangu ni mwongoza watalii anayepandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Tulifunga ndoa mwaka 2006. Hajawahi kuwa na ajira ya kudumu. Hulipwa kwa kila safari na kampuni mbalimbali, na sehemu kubwa ya kipato chake ni bakshishi anayopewa na wageni siku ya kushuka.

Kabla ya korona tuliishi vizuri. Mwezi Machi 2020, safari zilipokatika ghafla, tulikuwa na akiba ya shilingi milioni 2.6 ambayo sote wawili tuliifahamu. Kwa miezi ya mwanzo hatukubana matumizi, kwa kuwa kila mtu alisema ni jambo la miezi miwili. Tulilipa ada, tukaendelea kula kama kawaida, na kufika Julai fedha ile ilikuwa imekwisha. Mume wangu akauza pikipiki kwa shilingi 900,000. Mwishoni mwa Oktoba akakopa shilingi milioni moja kwa mtu anayetoa ile mikopo ya kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Biashara yangu nayo ilikuwa imezorota, na tulipojibana kabisa bado tulipungukiwa na shilingi kama 300,000 kila mwezi.

Februari 2021 aliuza kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoachiwa na marehemu baba yake, kwa shilingi milioni 7. Alimuuzia mtoto wa baba yake mdogo anayeishi Dar es Salaam, ili angalau kisitoke kwenye ukoo. Katika hizo, milioni 1.8 zilikwenda kulipa deni lile, na zilizobaki ndizo tulizokula mpaka katikati ya mwaka 2022, safari zilipotulia. Mtoto wetu wa kwanza tulimhamishia shule ya serikali, na huko ndiko anakosoma hadi leo, yuko kidato cha tatu.

Sasa nifike kwenye lile linalonikosesha usingizi. Wakati wote huo mimi nilikuwa na shilingi milioni 4.2 benki, katika akaunti ambayo mume wangu haijui. Nilianza kuiweka mwaka 2011, kidogo kidogo, kutokana na faida ya mitumba. Mama yangu ndiye aliyenisisitiza. Dada yake alifukuzwa kwenye ndoa akaondoka na kanga mbili, na tangu hapo mama aliamini kwamba mwanamke asiye na kitu kibindoni hana pa kusimama. Mume wangu si mtu mbaya, hajawahi kuninyanyasa wala kuninyima. Lakini niliizoea siri ile mpaka ikawa sehemu yangu.

Novemba 2020 mtoto wa mwisho alilazwa, nikatoa 900,000 na kusema nimekopa VICOBA, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Zaidi ya hapo sikuigusa. Kila mwezi nilijiambia kwamba bado hali haijawa mbaya kiasi hicho, kwamba nikiitoa sasa nitakuwa sina kitu siku mambo yatakapoharibika zaidi. Usiku wa siku aliyouza kihamba alikaa kitandani akasema, "Kama kungekuwa na shilingi mahali popote, ningeiomba kwa magoti." Nilinyamaza. Nilikuwa na milioni 3.3.

Tumeshamaliza madeni yote. Kwenye akaunti ya mume wangu kuna milioni 9, na kwenye ile yangu nimeongeza taratibu mpaka zimefika milioni 5.3. Matumizi yetu ya mwezi ni kama shilingi 650,000. Mume wangu anataka kununua Toyota Noah ya milioni 24 ya kupokea wageni uwanja wa ndege wa KIA na kuwaleta mjini, kwa sababu anasema hataki tena kutegemea miguu yake peke yake. Atatoa zile milioni 9 na benki itamkopesha 15, kwa marejesho ya shilingi 530,000 kila mwezi kwa miezi 36. Dhamana ni nyumba yetu, na benki imesema lazima nami nisaini.

Wakati huohuo yule ndugu wa Dar es Salaam amepiga simu. Anasema tukimpa milioni 12 kabla ya Krismasi atatuachia kipande chetu, la sivyo Januari anaanza kujenga msingi. Mume wangu alijibu kwamba hatuna fedha hiyo, akakata simu, akatoka nje. Lakini tunayo, mshauri. Ya kwake na ya kwangu pamoja inafika milioni 14.3. Kila Desemba tunapopanda nyumbani huwa hageuzi uso upande wa uzio wa kipande kile, na kaburi la baba yake liko hatua chache kutoka hapo.

Nikisema, kihamba kinaweza kurudi, lakini atajua kwamba nilikuwa nayo usiku ule. Nikinyamaza nikasaini, ninaogopa mkopo. Nikinyamaza nikakataa kusaini, atauliza kwa nini, nami sina sababu ninayoweza kuitamka. Nifanye nini?

Mama wa watatu, Moshi

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu,

Asante kwa kuniamini na jambo ambalo hujapata kumwambia mtu mwingine. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimeona kwamba ndani yake mna maswali mawili uliyoyafunga katika kitita kimoja. La kwanza linahusu fedha: kaya yenu, ambayo imetoka kwenye miaka miwili ya ukame na sasa ina milioni 14.3, izielekeze wapi kati ya ardhi, gari na akiba. La pili linahusu ule usiku wa Februari 2021. Ninadhani limekuwia vigumu kulijibu la kwanza kwa sababu kila unapoanza kupiga hesabu, la pili linakuziba mdomo. Nitaanza na hilo la pili, kwa kuwa ndilo zito.

Umeandika kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitika kuwa fedha yako ingekiokoa kihamba. Tulitazame hilo kwa namba zako mwenyewe. Tuseme ungejitokeza mwishoni mwa Oktoba 2020, kabla ya mume wako kwenda kwa yule mkopeshaji. Ulikuwa na milioni 4.2. Ukiondoa 900,000 za matibabu ya mtoto zinabaki milioni 3.3, nanyi mlikuwa mkipungukiwa na 300,000 kwa mwezi. Hiyo ni miezi 11, yaani ingewafikisha karibu na mwisho wa Septemba 2021. Wewe mwenyewe umesema safari zilitulia katikati ya mwaka 2022. Kwa hiyo kulikuwa na kipindi cha miezi minane au tisa ambacho akiba yako isingekifikia. Huenda safari za hapa na pale zingekiziba. Huenda mngekiuza kihamba baadaye, au mngeuza kipande kidogo zaidi. Sitakwambia kwamba ukimya wako haukugharimu kitu, kwa sababu huo usingekuwa ukweli na wewe usingeniamini. Mahali ambapo gharama yake inaonekana waziwazi ni kwenye ule mkopo: milioni moja iliyorudi kuwa milioni 1.8 ndani ya miezi minne, ilhali fedha ya kuuepuka ilikuwepo. Hizo 800,000 zilipotea kwa hakika. Kuhusu kihamba, hakuna anayejua kwa hakika, na wewe umekuwa ukijibebesha mzigo wa hakika hiyo kwa miaka.

Kumbuka pia hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, Aprili ndege za kimataifa zikasitishwa, na ingawa anga letu lilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, wageni hawakurudi kwa sababu makwao kulikuwa kumefungwa. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walishuka kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama laki sita na elfu 20 mwaka 2020, na mapato ya utalii yakaporomoka kutoka dola bilioni 2.6 hadi chini kidogo ya robo tatu ya bilioni moja. Mwaka 2021 idadi ilikuwa bado haijafika milioni moja. Leo tunajua kwamba mwaka 2022 ilipanda na mwaka 2023 ikavuka milioni 1.8, lakini mwanamke aliyekaa kitandani usiku ule hakuwa na namba hizi. Aliogopa kutoa shilingi ya mwisho akiwa hajui ukame utakwisha lini. Woga huo ulikuwa na akili ndani yake.

Hata hivyo, kuna jambo ningependa ujiulize kwa upole. Ulisema kila mwezi ulijiambia kuwa hali haijawa mbaya vya kutosha. Je, ulikuwa umewahi kuamua, kabla ya shida kuja, ni dalili ipi ingekuonyesha kwamba imekuwa mbaya vya kutosha? Ninaona kwa wengi wanaoniandikia kwamba akiba isiyowekewa alama hiyo mapema huwa ngumu kuliko jiwe. Mwenye nayo huona pikipiki ikiuzwa, deni likiingia, ardhi ikikatwa, na kila mara husema bado. Mtoto alipolazwa uliitoa bila kusita, kwa sababu ugonjwa wa mtoto moyoni mwako ulikuwa umeshawekewa alama. Deni la kausha damu na uuzaji wa ardhi havikuwa na alama. Ninakuuliza hili kwa ajili ya mbele zaidi kuliko nyuma, maana mna akiba tena na ukame mwingine unaweza kuja.

Sasa gari. Ninamwelewa sana mume wako. Mtu aliyeona kazi ya miguu yake ikikatika kwa siku moja hutamani kitu kinachozalisha hata akiwa amelala. Lakini iangalie Noah hiyo kwa makini. Itawabeba akina nani? Wageni walewale wanaopanda mlima. Siku wageni wasipotua KIA, mume wako hatapandisha mtu, na gari nalo litakaa chini ya mwembe likidai 530,000 kila mwezi. Hata mitumba yako, ukiitafakari, ilizorota mwaka 2020 kwa sababu wateja wako wengi ni familia za wapagazi, wapishi na madereva wa watalii. Nyumba yenu ina milango mitatu ya kuingizia kipato, na yote inafunguka kuelekea mlimani. Hilo halimaanishi gari ni wazo baya. Noah inaweza kupakia abiria wa kawaida kama ikiwa na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na hapo ndipo ingekuwa mlango wa upande mwingine. Ila sijaona katika barua yako kwamba mume wako amelifikiria hivyo, na ni swali unaloweza kumuuliza bila kugusa siri yoyote.

Hesabu yake nayo inataka kutazamwa kwa miezi. Marejesho ya 530,000 kwa miezi 36 ni shilingi 19,080,000 kwa mkopo wa milioni 15, jambo ambalo si la ajabu kwa riba za benki zetu. Tatizo liko kwenye ratiba. Kazi ya mlima ina miezi ya wageni, Januari hadi mwanzoni mwa Machi na tena Juni hadi Oktoba, halafu ina Aprili na Mei za masika na Novemba ya vuli. Benki haina masika. Kwa matumizi ya 650,000 na marejesho hayo, kaya yenu ingehitaji shilingi 1,180,000 kila mwezi, na kama akiba iliyobaki ni milioni 5.3 zako tu, mngeweza kusimama bila kipato kwa miezi minne na nusu. Leo, bila mkopo, milioni 14.3 zingewasimamisha kwa miezi 22. Na mkinunua kihamba kwa milioni 12, zinabaki milioni 2.3, ambazo ni miezi mitatu na nusu, ingawa katika hali hiyo hakuna deni linalowangoja wala nyumba iliyowekwa rehani. Ninakuomba uzoee kuzihesabu fedha hizi kwa miezi, kwa sababu milioni tisa inasikika kubwa mno midomoni mpaka uone ni mara ngapi itapika ugali.

Kama mume wako anaweza kukubali kusubiri, kuna namna ya kuupima mkopo kabla ya kuuchukua. Tokea sasa wekeni 530,000 kila mwezi mahali pa mbali, kana kwamba deni limeshaanza, na msiruke Novemba wala Aprili. Mkifika mwisho wa mwaka mkiwa mmeweza, mtakuwa na shilingi 6,360,000 za nyongeza na mtakopa kidogo zaidi, tena mkijua mnaweza. Mkishindwa Mei, mtakuwa mmeshindwa bila nyumba kuguswa. Hatari ya njia hii ni kwamba bei ya gari inaweza kupanda na mume wako anaweza kuona anazuiwa, na mwanamume anayeona anazuiwa kujikwamua huumia kwa namna ambayo haionekani mezani.

Kuhusu saini, ujue tu kwamba benki haikukuomba kwa hisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe au iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenza. Una haki ya kuuliza, kusoma na kufikiri, na una sababu unayoweza kuitamka bila aibu: hesabu ya miezi niliyoieleza hapa ni sababu tosha. Umeandika kwamba huna sababu ya kusema, lakini nadhani siri ndiyo inayokufanya uone kila sababu nyingine kama uongo. Sheria hiyohiyo inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, kwa hiyo kwa upande wa sheria fedha uliyoichuma kwa jasho lako ni yako. Hukumwibia mtu. Ila wewe hukuniandikia kuuliza kama sheria inakulinda.

Kuhusu kihamba, mimi si Mchaga, lakini nimeishi jirani na watu wa mlimani vya kutosha kujua kwamba ardhi yenye kaburi la baba haipimwi kwa mazao ya kahawa na ndizi. Ukiitazama kama biashara, kununua kwa milioni 12 kitu ulichokiuza saba ni hasara. Ukiitazama kwa macho ya mtu asiyegeuza uso upande wa uzio, hesabu inakuwa nyingine, na si mimi wa kuipanga. Ninachoweza kukuuliza ni kama bei hiyo ni neno la mwisho. Huyo ni mtoto wa baba mdogo, na amewapigia ninyi kwanza kabla ya kumwaga mchanga. Huenda naye hana raha. Ukoo una wazee. Mngeweza kuomba kulipa kwa awamu, kwa mfano nusu kabla ya Krismasi na nusu baada ya msimu ujao, kwa maandishi yenye mashahidi na mbele ya uongozi wa kijiji, ikielezwa wazi kwamba ujenzi unasimama katika kipindi hicho na nini kitatokea mkichelewa. Kwa awamu hiyo mngebaki na akiba ya miezi 12 hivi, badala ya mitatu na nusu. Hatari yake ni kwamba makubaliano ya ndugu yasiyoandikwa vizuri huvunja undugu kuliko uuzaji wenyewe, na pia kwamba msimu ujao unaweza kuwa mbaya.

Utaona kwamba awamu ya kwanza ya milioni 6 inaweza kutoka kwenye milioni 9 za mume wako bila fedha yako kuguswa. Nimelitaja hilo kwa sababu najua utaliona mwenyewe, na huenda likakuvutia: kihamba kirudi, siri ibaki. Sikukatazi kulifikiria. Lakini jiulize, nusu ya pili ikikaribia na fedha ikipungua, na yeye akaanza tena kukaa kitandani akihesabu, utaweza kunyamaza mara ya pili?

Hapo tunarudi kwenye kusema au kutosema. Umeniambia mume wako hakunyanyasi wala hakunyimi, nami nimelichukua neno lako. Kama kuna hofu ambayo hukuiandika, hata ndogo, basi usifuate sehemu hii, na uzungumze kwanza na mtu mzima unayemwamini. Kama haipo, fikiria kwanza hatari za kusema. Atakumbuka maneno aliyoyasema usiku ule. Anaweza kukasirika, anaweza kunyamaza kwa wiki, na kinachowezekana zaidi ni kwamba atajiuliza ni kitu gani kingine hakijui. Kwa muda fulani kila senti ya mitumba inaweza kuulizwa. Anaweza pia kuichukulia fedha yako kama ya kwake na kuiingiza yote kwenye gari, ikawa umepoteza kibindo na amani kwa pamoja.

Kutosema nako kuna gharama, na umekuwa ukizilipa bila kuziandika. Mnapanga maisha juu ya namba isiyo ya kweli. Yeye anaamua kuhusu mkopo wa milioni 15 akidhani kaya ina tisa. Fedha yenyewe inapungua uzito ikiwa imekaa tu: bei nchini zimekuwa zikipanda kwa asilimia 3 hadi 4 hivi kwa mwaka tangu 2020, na kile ambacho milioni 4.2 zingenunua wakati ule, ifikapo 2024 kilihitaji karibu milioni 4.9. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa nafaka iliyokaushwa vizuri ni kweli, lakini noti huliwa na bei. Kisha kuna jambo ambalo huenda hujalifikiria. Ukipatwa na lolote leo, hakuna binadamu anayejua akaunti hiyo ipo, na watoto wako hawawezi kudai kwenye mirathi kitu wasichokijua. Hilo angalau linaweza kurekebishwa wiki hii, kwa karatasi iliyofungwa na kukabidhiwa mtu mmoja unayemwamini, iwe utasema au hutasema.

Kama utachagua kusema, sidhani unapaswa kufika ukiwa umebeba jibu la kihamba mkononi, kama mtu anayelipa faini. Fedha ikitangulia, mazungumzo ya usiku ule yatafunikwa na furaha ya ardhi kisha yatafukuka baadaye. Ningetamani aanze kusikia habari ya dada wa mama yako aliyeondoka na kanga mbili, na mama yako aliyekufundisha, na jinsi ulivyomsikia akisema atapiga magoti ukashindwa kufungua mdomo. Hilo ni jambo la watu wawili tu. Ila kama unahisi halitabebeka mkiwa peke yenu, wasimamizi wenu wa ndoa wapo kwa kazi kama hiyo, nao wamewajua tangu 2006. Usichague siku ambayo ndiyo kwanza ametoka mlimani, kwa sababu mtu aliyeshuka jana kutoka kilele cha Uhuru hana nguvu ya kusikia kitu kizito.

Na ukisema, si lazima fedha yote iingie kwenye kapu moja. Zipo kaya nyingi zinazoishi vizuri zikiwa na mfuko wa baba, mfuko wa mama na mfuko wa nyumba, ilimradi kila mmoja anajua mifuko ni mitatu. Kibindo kinachojulikana bado ni kibindo. Mfuko wa nyumba ndio ambao ningependa mkae mjadili: uwe wa miezi mingapi, na alama yake iwe ipi. Kwa mfano, mnaweza kukubaliana kwamba kabla mtu hajaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, mfuko huo unafunguliwa. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa aina hiyo wenye leseni ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa hiyo anayedai 20 tayari yuko nje ya utaratibu. Kuhusu pa kuuweka, VICOBA ni nzuri kwa nidhamu, lakini mwaka 2020 bila shaka uliona wanakikundi wote wakihitaji mkopo wiki moja, kwa kuwa wote mlikuwa mnakula kutoka mlima mmoja. Sehemu yake ikae mahali ambapo shida ya Moshi haifiki, kama vile benki au mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambapo mtu huweza kuchukua fedha yake ndani ya siku chache za kazi.

Sijakuambia usaini au usisaini, useme au unyamaze. Wewe ndiye unayemjua mtu unayelala naye, na wewe ndiye utakayeishi na jibu. Kwa sasa, mwombe afisa wa benki nakala ya mkataba wa mkopo uisome nyumbani kabla ya siku ya kusaini, hasa sehemu inayoeleza kinachotokea mkikosa marejesho ya miezi miwili au mitatu mfululizo. Soma ukiwa na mume wako, mezani, kalamu mkononi, na mumuulize afisa huyo pamoja chochote msichokielewa. Kisha niandikie tena kabla ya Desemba, hata kama utakuwa hujaamua.